Mchagua Jembe si Mkulima: Funzo Kutoka kwa Seve Ballesteros

Ukiwauliza wanafunzi wenzangu mchezo waupendao, watakujibu kandanda, voliboli, riadha au raga. Ukithubutu kutaja gofu watakucheka na kukwambia, "Ah, huo si ni mchezo wa mabwanyenye!" Nami siwalaumu. Wengi wetu tumeuona uwanja wa gofu kupitia dirisha la matatu tu: nyasi zimekatwa zikakatika, ua umezunguka pande zote, na bawabu amesimama langoni. Hata hivyo, nimeona heri nikusimulie habari za mtu aliyeanzia maisha nje ya ua kama huo, akaingia ndani, kisha akaizunguka dunia akila jasho lake. Mtu huyo ni Severiano Ballesteros wa Uhispania, au Seve kama alivyozoeleka.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Mcheza gofu hukipiga kijipira kwa fimbo mpaka kiingie shimoni, na anayetumia mikwaju michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Uwanja kamili una mashimo 18. Mashindano makubwa aghalabu huchukua siku 4, yaani mashimo 72. Baada ya siku 2 za mwanzo huwa kuna mchujo. Waliobaki nyuma hufunga virago, na kwa kawaida hawapati hata ndururu. Mchezaji wa kulipwa hana mshahara wa mwisho wa mwezi kama mwalimu au karani. Nauli, malazi, chakula na ujira wa kedi, yaani yule anayembebea mfuko wa fimbo, vyote vyatoka mfukoni mwake. Akicheza vibaya, hali. Ndiyo maana wachezaji hawa huhama nchi hadi nchi, wiki baada ya wiki, kama wafugaji wanaofuata malisho.

Sasa tumrudie Seve. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Uhispania, kando ya bahari. Kijijini kulikuwa na uwanja wa gofu, lakini watoto wa pale hawakuwa na ruhusa ya kuchezea humo wapendavyo. Waliingia kama makedi, kubeba mifuko ya wenye nazo. Seve alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi, kakaye Manuel alimpa fimbo moja ya chuma, ile ya nambari 3.

Hapa ndipo pana kiini cha makala yangu. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba hadi fimbo 14, kila moja na kazi yake. Kuna ya kupiga mbali, ya kuinua mpira juu, ya kuutoa mchangani na ya kuusukuma polepole shimoni. Fimbo nambari 3 ni ya kupiga mbali, mpira ukienda chinichini. Kuitumia kuinua mpira kutoka mchangani ni kama kumenya chungwa kwa panga. Lakini Seve hakuwa na nyingine! Akaenda nayo ufuoni, akawa anapiga mchangani saa nyingi. Mara ailaze, mara aisimamishe, mara apige kwa nguvu, mara aguse tu. Basi fimbo moja ikafundishwa kazi za fimbo zote. Alipokuja kuupata mfuko uliojaa, tayari mikono yake ilijua njia ambazo wenzake hawakuwahi kuzihitaji.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 16 tu, akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1976, akiwa na miaka 19, aliongoza mashindano ya Open kule Royal Birkdale, Uingereza, mpaka siku ya mwisho. Johnny Miller wa Marekani akampita, naye Seve akashika nafasi ya pili sawia na Jack Nicklaus. Hakukata tamaa. Mwaka 1977 alishinda Open ya Japani. Mwaka 1978 akaja hapa kwetu na kutwaa Kenya Open, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1967. Naam, kabla hajashinda hata moja kati ya mashindano makuu manne ya dunia, alikuwa amekwisha shinda Nairobi!

Mwaka 1979, katika Open kule Royal Lytham, mkwaju wake kwenye shimo la 16 ulipotoka na mpira ukatua palipoegeshwa magari. Mwingine angetahayari. Yeye akaupiga kutoka huko huko, akamaliza shimo hilo kwa mkwaju mmoja pungufu ya ule uliotarajiwa, na akashinda mashindano. Mwaka 1980 akawa Mzungu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters kule Augusta, Marekani. Akairudia Masters mwaka 1983, na Open mwaka 1984 na 1988. Katika mashindano ya mzunguko wa Ulaya peke yake alipata ushindi mara 50.

Wenzangu mnaopenda kuchelewa paredi, sikilizeni na hili. Miezi michache baada ya ushindi wake wa Augusta mwaka 1980, Seve alichelewa kufika mahali pa kuanzia katika US Open. Akaondolewa mashindanoni papo hapo, bingwa au si bingwa.

Baadaye mgongo ulimsumbua na ushindi ukamtoroka. Ushindi wake wa mwisho mkubwa ulikuwa nchini kwao mwaka 1995. Mwaka 1997 aliiongoza timu ya Ulaya kama nahodha na kuishinda Marekani katika Kombe la Ryder kule Valderrama. Alistaafu mwaka 2007. Mwaka uliofuata alipatikana na uvimbe kwenye ubongo, na tarehe 7 Mei 2011 akafariki, akiwa na miaka 54.

Je, tujifunze nini? Wahenga walinena, mchagua jembe si mkulima. Sisi hapa hulalamika kuwa kitabu kimoja tunasoma watu wanne. Ni kweli, na si haki. Lakini kile kimoja tumekisoma mpaka kikatuishia? Seve aliimaliza fimbo yake moja kwanza.

Hata hivyo, sitaki methali hii igeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia maskini. Seve hakupanda kwa juhudi peke yake. Alikuwa na kaka waliocheza gofu, na mjomba wake, Ramón Sota, alikuwa mchezaji wa kulipwa. Tena ule uwanja ulikuwa karibu na nyumbani, na lango lilimfungukia kidogo, angalau kama kedi. Humu nchini pia wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko. Hivyo basi, ninyi mtakaokuja kuwa wenye viwanja, maabara na maktaba, kumbukeni hili: mkulima mwema hachagui jembe, lakini akinyimwa hata kipande cha shamba, atalima wapi?

Kalamu yangu naiweka chini. Kwaheri ya kuonana.