Neno la mwezi: "deadline", mstari uliogeuka kuwa tarehe

Mwezi huu tunachukua neno moja tu la Kiingereza, lakini ni neno linaloingia nyumbani kwenu kila wiki kupitia sanduku la barua: deadline. Shule inalitumia, mwenye nyumba analitumia, ofisi ya uhamiaji inalitumia, na sisi wahudumu wa kesi tunalitaja mpaka masikio yenu yamechoka.

Kwa Kiswahili tunasema "tarehe ya mwisho" au "siku ya mwisho". Wapo wazee wanaocheka wakisikia hivyo, maana siku ya mwisho wanayoijua wao ni ile ya Kiyama. Kiingereza hakikutaja siku hata kidogo. Ukilikata neno lenyewe unapata vipande viwili: dead, yaani mfu, na line, yaani mstari. Mstari wa kifo. Wanafunzi wengi hudhani ninatania. Mstari huo ulikuwapo kweli, na ulikuwa hapa hapa katika jimbo letu la Georgia.

Mstari wa Andersonville

Kati ya 1861 na 1865 Marekani ilipigana yenyewe kwa yenyewe. Majimbo ya Kusini yalitaka kujitenga ili yaendelee na utumwa, na Kaskazini ikakataa. Februari 1864 jeshi la Kusini lilianza kupeleka mateka wa Kaskazini kwenye kambi iliyoitwa Camp Sumter, karibu na kijiji cha Andersonville, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari kusini ya Atlanta. Ilikuwa uwanja wazi uliozungushiwa ukuta wa magogo. Ilikusudiwa watu 10,000. Agosti mwaka huo walikuwamo zaidi ya 32,000. Hawakujengewa nyumba, walijistiri kwa mablanketi na matambara. Kijito kimoja kilipita katikati, na maji hayo hayo yalikuwa ya kunywa, ya kufulia na ya choo.

Ndani ya ukuta, kama futi 19 kutoka kwenye magogo, vilisimamishwa vigingi vifupi na juu yake zikapigiliwa mbao nyembamba. Hizo mbao ndizo zilizoitwa dead line. Askari walikaa juu ya ukuta kwenye vibanda vyao, na mfungwa aliyevuka mbao hizo waliruhusiwa kumpiga risasi. Wako waliopigwa kwa sababu tu waliinama chini ya mbao kuchota maji yaliyokuwa safi kidogo.

Watu karibu 45,000 walipita katika kambi ile, na karibu 13,000 walifia humo, wengi wao kwa kuhara, kiseyeye na maradhi mengine ya uchafu na chakula kibaya. Makaburi yao yapo mpaka leo, na mtu yeyote anaweza kwenda kuyaona.

Vita vilipokwisha, Kapteni Henry Wirz, aliyekuwa msimamizi wa wafungwa pale, alishtakiwa mjini Washington na akanyongwa tarehe 10 Novemba 1865. Katika mashtaka yake mna jambo moja ambalo hulirudia kila ninapofundisha neno hili. Ilidaiwa kwamba sehemu nyingine za kambi mstari ulikuwa mbao dhaifu zilizoyumba, na sehemu nyingine haukuonekana kabisa. Ulikuwa wa kufikirika tu. Kwa hiyo mfungwa aliyefika jana angeweza kufa kwa kuvuka mstari asiouona, ambao hakuna mtu aliyemwonyesha.

Neno latoka gerezani

Baada ya vita neno halikubaki Andersonville. Miaka ya 1870, katika mji wa Dodge City huko Kansas, reli iliyopita mjini iliitwa deadline: kaskazini ya reli hukuruhusiwa kutembea na bunduki. Mwaka 1880 mkuu wa wapelelezi wa New York, Thomas Byrnes, aliweka "Dead Line" yake kwenye mtaa wa Fulton. Mwizi anayejulikana akionekana kusini ya mtaa huo, karibu na mabenki ya Wall Street, alikamatwa hata kama siku hiyo hajaiba kitu.

Tazama jinsi neno lilivyoanza kupoa. Andersonville ukivuka unapigwa risasi. New York ukivuka unakamatwa. Lakini bado ni mstari ardhini, bado unavukwa kwa miguu.

Wapiga chapa nao walikuwa na mstari wao kwenye mashine. Herufi zilizopangwa nje ya mstari huo hazikutoka vizuri kwenye karatasi. Kisha, kufikia miaka ya 1920, waandishi wa magazeti ya Marekani walikuwa wakiita deadline ile saa ambayo habari isipofika, gazeti linachapwa bila hiyo. Hapo neno likahama kutoka mahali na kuingia katika wakati. Kutoka kwenye magazeti lilienea shuleni, maofisini na mahakamani.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili safari hii si ngeni. Neno letu "mpaka" limepita njia hiyo hiyo. Mpaka ni pale nchi mbili zinapokutana, na wengi wetu tumewahi kuuvuka usiku. Lakini pia tunasema "nitakusubiri mpaka Ijumaa". Hata "hadi" lina asili ya Kiarabu, hadd, yaani mpaka. Kwa hiyo ukisikia deadline, fikiria mpaka uliowekwa juu ya kalenda badala ya ardhi.

Mipaka yote hailindwi sawasawa

Hapa ndipo wageni wengi huumia. Neno ni moja, lakini nguvu yake si moja.

Kuna deadline inayosogea ukiomba mapema. Mwalimu wa Kiingereza akisema kazi ya nyumbani iletwe Jumatatu, mara nyingi ukimweleza kabla atakuongezea siku. Nyongeza hiyo huitwa extension.

Kuna deadline inayosogea nusu. Kodi ya mapato ya serikali kuu tarehe yake ya kawaida ni 15 Aprili. Ukiomba extension unapewa mpaka 15 Oktoba, lakini muda huo ni wa kupeleka fomu tu. Pesa unayodaiwa tarehe yake inabaki ile ile ya Aprili, na riba inaanza kuhesabiwa.

Na kuna deadline ambayo bado ina askari juu ya ukuta. Hapa Georgia, ukiletewa karatasi za mahakama za kukutoa kwenye nyumba ya kupanga, una siku 7 za kujibu. Kujibu kunaweza kuwa kwa maandishi au kwa mdomo mahakamani. Usipojibu, mwenye nyumba anaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa, hata kama kodi ulilipa na risiti unazo. Usingoje tukutembelee nyumbani. Tupigie siku hiyo hiyo.

Vivyo hivyo anwani. Ukihama nyumba, sheria inataka uijulishe idara ya uhamiaji ndani ya siku 10. Posta kuhamisha barua zako hakutoshi. Ni fomu tofauti, inaitwa AR-11, na unaweza kuijaza kwenye intaneti.

Sasa angalia "mwaka mmoja", kwa sababu watu huambizana vibaya kanisani na msikitini. Aliyeletwa hapa kama mkimbizi kupitia mpango wa makazi mapya, mwaka mmoja kwake ni mlango unaofunguka: akitimiza mwaka ndani ya Marekani ndipo anapoomba green card, na sheria inamtaka aombe. Aliyefika mwenyewe na anataka kuomba hifadhi, mwaka mmoja kwake ni mlango unaofungwa: ombi linatakiwa lipelekwe kabla mwaka haujatimia tangu aingie, na anayechelewa husamehewa kwa sababu chache tu. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kukaa meza moja na kila mmoja ana mwaka wake. Usifuate hesabu ya mwenzio.

Maneno madogo yanayoonyesha mstari ulipo

By na until. Sisi tunatafsiri yote mawili "mpaka" au "hadi", na hapo tunapotea. Until ni kwa jambo linaloendelea: ofisi iko wazi until Friday, yaani inaendelea kuwa wazi hadi Ijumaa. By ni kwa jambo linalofanywa mara moja: leta fomu by Friday, yaani fomu iwe imefika, si zaidi ya Ijumaa. Jumatano ni sawa, Ijumaa ni sawa, Jumamosi umechelewa. Ukiona before Friday, Ijumaa yenyewe haimo. Mwisho wako ni Alhamisi.

Received na postmarked. Received by ina maana barua iwe imefika mikononi mwao siku hiyo. Postmarked by ina maana muhuri wa posta uonyeshe siku hiyo au kabla, hata kama barua itafika baadaye. Tofauti yake inaweza kuwa siku nne au tano.

Namba za tarehe. Wamarekani huanza na mwezi. 05/06 ni tarehe 6 Mei, si tarehe 5 Juni. Na 06/05 ni tarehe 5 Juni. Ukiisoma kwa mtindo wa kwetu utapeleka karatasi mwezi mzima kabla, na hiyo si neno. Hatari ni ile ya kwanza.

Saa. 11:59 p.m. ni saa sita kasoro dakika moja usiku. Kwa Mswahili siku huanza jua likizama, ndiyo maana wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanaweza kuwa na maana ya Alhamisi baada ya magharibi. Kwa Mmarekani siku huanza saa sita usiku. Kwa hiyo 12:00 a.m. Friday ni Alhamisi inapokwisha, wakati wengine mmeshalala. Ukiona saa hiyo, maliza kazi yako Alhamisi mchana.

Business days. Hizi ni siku za kazi tu. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali hazihesabiwi. Ikiandikwa days peke yake, dhani kwamba siku zote zinahesabiwa, mpaka uambiwe vingine.

Grace period. Ni siku za neema baada ya tarehe. Kwa kodi ya nyumba hapa Georgia, sheria ya jimbo haikupi siku za neema. Unazo tu kama mkataba wako umeziandika. Tafuta ukurasa huo, tuusome pamoja.

Ukishavuka

Mfano tunaokutana nao mara nyingi ni huu. Mama anapata barua ya kuhuisha bima ya Medicaid ya watoto. Imeandikwa irudishwe by tarehe 30. Yeye anaitia posta tarehe 30, asubuhi, akiwa na furaha kwamba hakuchelewa. Wiki mbili baadaye mtoto ana homa, na duka la dawa linamwambia bima imefungwa. Anaona aibu, anakaa kimya, analipa dawa kwa pesa ya chakula.

Kosa kubwa hapo si la posta. Ni ule ukimya. Bima ya watoto ikifungwa kwa sababu karatasi hazikufika, kuna siku 90 za kuleta karatasi hizo bila kuanza ombi upya. Huo ni mstari wa pili nyuma ya wa kwanza, na wengi hawaujui. Mara nyingi barua yenyewe inautaja ukurasa wa pili au wa tatu, kwa herufi ndogo. Kwa hiyo deadline ikikupita, usiitupe barua. Ilete ofisini na bahasha yake, maana muhuri wa bahasha nao ni ushahidi.

Barua yoyote ikifika, uliza maswali matatu: Mstari uko wapi, siku gani na saa ngapi? Nani anaulinda, yaani karatasi iende kwa nani? Ukiuvuka kunatokea nini, na je, kuna njia ya kurudi? Usipopata majibu ya yote matatu, barua hiyo bado hujaisoma. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, kisha andika siku tatu kabla yake kwa kalamu nyekundu. Hiyo nyekundu ndiyo yako.

Jaribu mwenyewe

1. Barua inasema: Return this form by 03/04. Tarehe ya mwisho ni ipi?
2. Tangazo linasema: Free tax help until April 10. Tarehe 10 unaweza kwenda?
3. Fomu ya shule inasema: Must be received before Monday. Leo ni Ijumaa jioni, ofisi ya shule imefungwa hadi Jumatatu. Bado una muda?

Majibu: 1. Tarehe 4 Machi, si 3 Aprili. 2. Ndiyo, kwa kawaida siku hiyo imo. Piga simu kwanza kuuliza wanafunga saa ngapi. 3. Kwa karatasi, hapana, Jumatatu haimo. Tazama kama fomu inapokelewa kwa barua pepe, itume usiku huu huu, halafu Jumatatu asubuhi nenda ukaulize.

Wale mfungwa wa Andersonville hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha mbao zilipopita. Ninyi mnao. Darasa letu la kusoma barua ni kila Jumanne jioni. Njooni na barua zenu hata kama hamjazifungua.