Injini ya Gari Lililotembea Sana: Namna ya Kuipima Kabla ya Kulipa

Magari mengi yanayonunuliwa na familia nchini Tanzania yamekwisha kutumika, ama Japani ama hapa nchini. Wanunuzi wengi huyapima kwa tarakimu za kilomita zilizo kwenye dashibodi, ilhali tarakimu hizo pekee hazitoshi. Huweza kurudishwa nyuma. Na hata zikiwa za kweli, hazielezi injini ilitunzwaje. Injini iliyotembea kilomita 180,000 huku ikibadilishiwa oili kwa wakati huweza kuwa nzima kuliko iliyotembea 90,000 bila matunzo.

Swali la kujibiwa kabla ya kulipa ni moja: je, hitilafu iliyopo inatengenezeka kwa gharama ndogo, au inalazimu injini kushushwa? Katika somo hili tunaeleza dalili zinazotenganisha mambo hayo mawili. Usilipe hata arubuni kabla hatua zote hazijakamilika.

1. Ikute injini ikiwa baridi

Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukikuta injini ina moto, panga siku nyingine, kwa kuwa injini iliyopashwa huficha ugumu wa kuwaka, mlio wa awali na moshi wa asubuhi. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini na taa ya oili zinapaswa kuonekana kwenye dashibodi, kisha zizimike injini inapoanza kunguruma. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hii inatia shaka sawa na ile isiyozimika. Huenda imeondolewa makusudi.

2. Kagua oili na maji

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi peke yake si ugonjwa, hasa kwenye injini za dizeli. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa huashiria kwamba maji yameingia ndani yake. Hapo mazungumzo ya bei yasimame hadi fundi athibitishe chanzo. Fungua rejeta injini ikiwa baridi tu, kwani maji ya moto yenye shinikizo huunguza vibaya. Mafuta yanayoelea juu ya maji ni onyo kubwa. Kutu ni dalili ya matunzo duni.

3. Soma rangi ya moshi

Mvuke mweupe unaotoweka dakika chache baada ya gari kuwaka ni wa kawaida. Angalia zaidi haya:

- Moshi wa bluu: oili inaungua. Ukitoka gari linapowaka kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu zilizochoka. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni, ambazo kuzibadilisha hulazimu injini kufunguliwa.
- Moshi mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua: shuku gasketi ya silinda hedi, au hedi iliyopinda, hasa kama gari limewahi kuchemsha.
- Moshi mweusi kwenye injini ya petroli: mafuta yanaingia kupita kiasi. Chanzo huweza kuwa kichujio cha hewa kilichoziba au sensa mbovu, na mara nyingi injini haishushwi.

4. Sikiliza, kisha endesha

Mlio mwepesi wa haraka kutoka juu ya injini huenda ukatokana na valvu zinazohitaji kurekebishwa. Sauti nzito ya kugonga kutoka chini, inayoongezeka unapokanyaga mafuta, huashiria beringi zilizolika. Usilinunue gari hilo kwa bei ya gari zima. Endesha kwa dakika 20 au zaidi, mlimani na kwenye foleni, ukitazama kipimo cha joto.

Uliza pia kuhusu mkanda wa taimingi. Injini nyingi zenye mkanda huo huhitaji mpya kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, baadhi ya injini hupinda valvu. Usipoonyeshwa risiti, ingiza gharama ya mkanda mpya katika hesabu yako.

5. Mpe fundi kazi mahususi

Chagua fundi asiye na uhusiano na muuzaji wala dalali. Mwombe asome kompyuta ya gari, lakini ukumbuke kwamba kumbukumbu ya makosa hufutika kwa dakika chache. Mwombe pia apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, atie oili kidogo ndani yake na kupima tena: kipimo kikipanda, tatizo huelekea kuwa ringi, kisipopanda, huelekea kuwa valvu au gasketi.

6. Weka ahadi katika maandishi

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kutegemea sharti la ubora kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzibaini. Kwa hiyo kagua kwa makini, na mkataba utaje kilomita, hali ya injini na kila kasoro iliyokubaliwa. Ukinunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara, kinga zako ni chache zaidi, na maandishi hayo yana uzito mkubwa zaidi.

Jipime

Gari la kwanza limetembea kilomita 190,000. Hutoa moshi wa bluu kidogo linapowaka, mgandamizo wa silinda zote unakaribiana, na risiti za oili zipo. Gari la pili linaonyesha kilomita 95,000 na halitoi moshi, lakini mpira wa pedali zake umelika hadi chuma, na muuzaji hakubali liwashwe likiwa baridi. Lipi linafaa kuendelea kujadiliwa bei?

Jibu: la kwanza. Kasoro yake inajulikana, na fundi anaweza kuikadiria. Kasoro ya gari la pili haijulikani, na atakayeigundua ni mnunuzi, baada ya kulipa.