Maelezo ya Bidhaa Mtandaoni: Mnunuzi Aone Nini Kwanza?

Wakulima na wafanyabiashara wengi wa Kithimani na sehemu nyingine za Yatta huuza maembe, nyanya, matikiti maji na vyondo kwa simu. Mnunuzi aliye Thika au Nairobi hawezi kubonyeza embe wala kupima kreti kwa mkono. Anategemea picha na maneno yaliyo chini yake.

Maembe nayo hayasubiri. Yakishachumwa huendelea kuiva, na kila siku inayopotea katika kuulizana "bei gani?" na "uko wapi?" humpunguzia mkulima thamani ya mazao yake.

Tazama tangazo hili:

Maembe matamu sana, bei poa, wahi mapema, tupigie.

Halina bei, kipimo wala mahali. Likipangwa upya, huwa hivi (bei ni ya mfano tu):

Maembe aina ya Kent, kreti ya kilo 20, Sh1,000
Hali: yamekomaa, bado ni magumu
Yalichumwa: Jumatatu asubuhi
Yalipo: soko la Kithimani, barabara ya Thika–Garissa
Usafiri: mnunuzi hujilipia
Malipo: M-Pesa, baada ya kukagua

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Jina, kipimo na bei vitangulie. Simu nyingi huonyesha mistari michache tu ya mwanzo, na mengine hufichwa mpaka mtu abonyeze.

2. Kila mstari ubebe jambo moja. Aya ndefu huchosha macho kwenye kioo kidogo. Katika WhatsApp, kuweka alama ya nyota mwanzo na mwisho wa maneno huyakoleza.

3. Tumia kilo badala ya "kreti kubwa" au "ndoo". Kreti za wauzaji wawili huenda zisilingane, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

4. Taja kasoro. Maembe yenye madoa ya ganda yanaweza kumfaa mtengenezaji wa juisi, mradi ajue mapema. Asipoambiwa, atayakataa lori likishafika, na gharama ya safari itakuwa imekwishatumika.

5. Picha iwe ya mzigo unaouzwa, wala si iliyochukuliwa kwingine.

Uwazi huu ni wajibu pia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mnunuzi habari zinazotakiwa kabla ya kufunga mkataba, na ampe nafasi ya kukubali au kukataa. Sheria hiyo pia inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha.

Kabla ya kuweka tangazo, muuzaji amwombe mtu asiyeijua bidhaa hiyo alisome. Swali lolote atakalouliza linaonyesha mstari uliosahauliwa. Uongezwe kwanza, ndipo tangazo litumwe.