Viungo vya Herufi na Umbo la Ritifaa katika Uchapaji wa Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hufunzwa mapema kuichanganua sauti: mahali inapotamkiwa na namna inavyotamkwa. Herufi inayoiwakilisha sauti hiyo, hata hivyo, aghalabu huchukuliwa kuwa alama tu isiyo na viungo. Makala haya yanadhamiria kubainisha viungo hivyo na kuonyesha kwa nini mhariri na mshairi wanapaswa kuvijua.

Viungo vya herufi

Herufi husimama juu ya mstari wa kufikirika, yaani mstari wa msingi. Umbali kutoka mstari huo hadi upeo wa herufi ndogo kama vile z ni kimo cha kati. Wachapaji wa Ulaya hukipima kwa herufi x, ambayo haimo katika alfabeti ya Kiswahili sanifu. Sehemu ya b, d, h au k inayokipita kimo hicho yaweza kuitwa kipandio. Ile ya g, j, p au y inayoteremka chini ya mstari, kishukio. Neno ‘jipya’ lina vishukio vitatu. Mistari ikibanana, hivyo hugongana na vipandio vya mstari unaofuata. Katika b, mstari wima ni shina, duara ni tumbo, na nafasi iliyozingirwa na tumbo ni uwazi.

Umbo la ritifaa

Ritifaa huning’inia juu ya kimo cha kati, ikiwa na umbo la tarakimu 9. Ndiyo inayotenganisha ‘ngoa’, yaani wivu au tamaa, na ‘ng’oa’. Katika ushairi huonyesha inkisari: ‘amekuja’ huwa ’mekuja. Hapa ndipo penye hatari. Programu nyingi za kompyuta zikiikuta alama hiyo mwanzoni mwa neno huidhania kuwa alama ya kufungua nukuu, zikaigeuza kuwa na umbo la 6. Msomaji hubaki akingoja nukuu isiyofungwa, na silabi iliyodondoshwa kwa ajili ya mizani haitambuliki. Dawa yake ni kuichapa alama mara mbili, kisha kuifuta ya kwanza.

Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa hapa zimetokana na maneno ya kawaida: shina, tumbo, kupanda, kushuka. Zikikubalika au zikirekebishwa, mhariri ataweza kumweleza mpigachapa kosa lilipo, na shairi litachapishwa kwa mizani aliyoikusudia mtunzi.