Somo la 14: Bolti Inayokataa Kuingia

Kufungua injini ya gari ni kazi. Kuifunga tena ni kazi kubwa zaidi.

Fikiri kwamba pistoni zimekwisha kusafishwa. Gasketi mpya imewekwa. Silinda hedi imekaa juu ya bloki. Sasa bolti moja inakataa. Inazunguka mara tatu, halafu inakwama. Fundi afanye nini?

Watu wengi huchukua spana ndefu na kutumia nguvu. Wewe usifanye hivyo. Bolti ikikataa, ina sababu. Itafute kwanza sababu hiyo.

Hasara ya kutumia nguvu

Tuchukue mfano wa Land Rover ya zamani. Magari haya yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Bloki ya injini yake ni ya chuma cha kusubu. Chuma hiki ni kigumu, lakini hakipindi. Kikizidiwa nguvu, hupasuka.

Bolti ikiharibika, utanunua nyingine. Bloki ya gari la zamani ikipasuka, kupata nyingine ni shida. Gari litalala. Mgonjwa atakosa usafiri. Magunia ya mahindi yatabaki ghalani. Hasara yote hiyo imeletwa na mkono mmoja wenye haraka.

Sababu nne za bolti kukataa

Tazama bolti kwa karibu. Utaona mikato inayoizunguka kama njia ya kupanda kilima. Mikato hiyo huitwa hesi. Ndani ya shimo la bolti pia kuna hesi. Hesi za bolti na hesi za shimo lazima zipatane.

Sababu ya kwanza ni uchafu. Kutu, mchanga na gasketi ya zamani hujaa katika hesi. Safisha bolti kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto na sigara. Kwa kusafisha shimo, tafuta bolti nzuri ya namna ile ile. Ikate mifereji miwili kwa msumeno wa chuma, kuanzia nchani kwenda juu. Ondoa ncha kali kwa tupa. Paka mafuta, iingize kwa vidole, uitoe na kuifuta. Uchafu utatoka ndani ya mifereji. Rudia mpaka itoke safi.

Sababu ya pili ni bolti kuingia mshazari. Bolti ikiingia mshazari, hukata hesi za shimo. Kwanza isimamishe wima. Izungushe kidogo kwa kushoto, kama unayeifungua. Utahisi inashuka kidogo. Hapo ndipo hesi zimekutana. Sasa zungusha kwa kulia. Tumia vidole tu kwa mizunguko ya kwanza. Vidole vikishindwa, simama. Spana isishike kazi ambayo vidole vimeikataa.

Sababu ya tatu ni hesi za namna mbili. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alitoa kipimo cha hesi ambacho kilienea sana Uingereza. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana juu ya kipimo kingine cha pamoja. Kuna pia vipimo vya milimita. Bolti ya Whitworth yenye unene wa nusu inchi ina hesi 12 katika urefu wa inchi moja. Bolti ya kipimo cha pamoja, yenye unene huo huo na hesi nene, ina hesi 13. Kwa macho zinafanana. Lakini ukiingiza moja katika shimo la nyingine, itazunguka kidogo na kukwama.

Gari la zamani limepita katika mikono ya mafundi wengi. Kwa hiyo bolti zake huenda zimechanganyika. Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua bolti uliyoitoa katika shimo hilo na ile unayotaka kuitia. Zilaze pamoja, hesi kwa hesi, uzielekeze kwenye mwanga. Zikilaliana vizuri bila mwanga kupita, nafasi za hesi zao ni sawa. Mwanga ukipita, weka kando ile ngeni.

Sababu ya nne ni hatari kuliko zote. Mashimo mengine hayakutoboka upande wa pili. Mafuta au maji yakibaki ndani, hayana pa kutokea. Maji hayashindiliki kama pamba. Bolti ikishuka, huyasukuma, nayo husukuma kuta za shimo. Bloki inaweza kupasuka papo hapo. Kausha kila shimo kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, au kwa pampu ya upepo. Kinga macho yako.

Kukaza kwa zamu

Bolti zote zikiingia kwa vidole, anza kukaza. Usikaze moja mpaka mwisho na kuziacha nyingine. Silinda hedi itapinda na gasketi itavuja. Anza na bolti za katikati. Nenda nje kidogo kidogo, upande huu na upande ule. Fanya raundi tatu: kwanza kidogo, halafu zaidi, mwisho kwa kipimo kamili.

Kipimo hicho kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kitabu pia huonyesha bolti ipi itangulie, na kama hesi zipakwe mafuta au ziwe kavu. Soma kabla ya kukaza. Tumia spana yenye kipimo, hata kama ni ya kuazima.

Maneno ya kukumbuka

Hesi: mikato inayozunguka bolti au iliyo ndani ya shimo.
Mshazari: upande upande, si wima.
Kusubu: kuyeyusha chuma na kukimimina katika umbo.

Maswali

1. Taja sababu nne za bolti kukataa kuingia.
2. Kwa nini shimo lenye maji ni la hatari?
3. Kwa nini bolti za katikati hukazwa kwanza?

Kazi ya darasa: Leteni bolti za zamani kutoka nyumbani. Zilinganisheni mbele ya mwanga, kisha zipangeni mafungu kwa hesi zake.