Kimondo Nusu Chuma Nusu Jiwe

Kimondo cha Mbozi mnakijua. Karibu chote ni chuma na nikeli. Kipo kingine, cha aina adimu zaidi. Mwaka 2016, karibu na Sericho, Kenya, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao walikuta mawe mazito ajabu. Kipande chake chembamba kikimulikwa, huonekana fuwele za olivini, rangi ya asali, zimenaswa ndani ya chuma.

Zamani sayari ndogo iliyeyuka: chuma kilizama katikati, olivini ikabaki juu. Je, vilichanganyika pale vilipokutana, au sayari nyingine iliigonga ikapenyeza chuma chake? Wataalamu wangali wanabishana.

Huku Mtwara tumezoea jiwe la matumbawe. Ukiokota zito kupita kiasi, linalonasa sumaku, usilivunje, mletee mwalimu.