Maneno Manne ya Kikipsigis kwa Mgeni wa Mashamba ya Chai

Tangu mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, watu wa makabila mengi wamekuja huko na Bomet kuchuma majani mawili na chipukizi. Kiswahili huwatosha kazini, lakini jirani hupendezwa kusalimiwa kwa lugha yake. Mgeni anyamazaye huweza kudhaniwa kuwa ana kiburi, kumbe hajui tu.

Basi aseme “Chamgei”, yaani hujambo. Ndani yake mna “cham”, maana yake kupenda. Atajibiwa “Chamgei mising”. “Mising” ni sana. Akikaribishwa mursik, maziwa ya kibuyuni, aseme “Kongoi”, yaani asante. Akiaga, “Saisere”, kwaheri.

Maneno manne hujifunzwa kwa siku moja, bali ujirani mwema hudumu miaka.